Tuachane na mfano wa simu na meseji

Karibu kila aliyesoma uundaji wa programu amekutana na mfano huu. Kama si darasani, basi kwenye video saa sita usiku kabla ya mtihani. Mawasiliano ya sinkroni, tunaambiwa, ni kama kupiga simu: unapiga, mwenzako anapokea, unauliza, unabaki hewani mpaka akujibu. Asinkroni ni kama kutuma meseji: unatuma, simu unairudisha mfukoni, unaendelea na mambo yako, jibu litakuja likija. Mwanafunzi anatikisa kichwa, kaelewa, twende slaidi inayofuata.

Mimi pia nimeufundisha. Mihula miwili nimekuwa nikisaidia vipindi vya vitendo vya mwaka wa pili, na mfano huo nimeutoa mara nyingi, tena kwa kujiamini kabisa. Leo nataka kuukosoa. Kurahisisha mambo si kosa, sisi hapa ndiyo kazi yetu. Shida yangu ni kwamba mfano huu unamtoa mtu darasani akiuliza swali lisilo lenyewe. Anatoka akiuliza "ipi ni ya haraka zaidi?" wakati swali linalouma, hasa pesa zikiwemo, ni hili: jibu lisipokuja, nani anajua kilichotokea?

Ngoja nieleze kilichoniuma mimi. Desemba iliyopita nilikuwa nakata tiketi ya basi kwenda nyumbani Iringa kupitia aplikesheni moja ambayo sitaitaja. Nikachagua kiti namba 14, nikaweka namba ya simu, nikathibitisha malipo kwa namba ya siri. Kale kaduara ka kusubiri kakazunguka weee, kisha skrini ikaandika kwamba malipo yameshindikana, nijaribu tena. Mimi ni mtu mtiifu, nikajaribu tena. Nikakuta kiti 14 kimeshachukuliwa, nikamlaani kimoyomoyo aliyeniwahi, nikachagua 15. Safari hii ikakubali. Dakika chache baadaye zikaingia meseji mbili za malipo, kila moja na kumbukumbu namba yake, na tiketi mbili. Aliyeniwahi kiti 14 nilikuwa mimi.

Nilipopiga huduma kwa wateja, dada aliyepokea aliangalia kwenye kompyuta yake akaniambia kwa upole, "Kaka, tiketi zako zote mbili ni halali." Na alikuwa sahihi. Begi langu lilikaa kwenye kiti chake mpaka Morogoro, konda alipoamua vinginevyo.

Ukiitazama ile safari kwa jicho la fundi, huoni mashine iliyoharibika. Pesa zilikatwa kama nilivyoagiza, kiti kiliandikwa kama nilivyoagiza. Uongo ulikuwa kwenye neno moja la skrini: "yameshindikana". Aplikesheni haikuwa na ushahidi wowote wa kushindikana. Ilichokuwa nacho ni kimya.

Hapa ndipo nusu ya kwanza ya mfano inapovunjika. Watu wawili wakiongea kwa simu, mazungumzo yamejaa vishikizo vidogo: "ee", "enhe", "naam", "nakusikia". Laini ikikatika, unajua mlifikia wapi, na ukipiga tena mnaendelea pale pale. Programu haina "enhe". Inatuma ombi zima kwa mkupuo, kisha inanyamaza kusubiri. Kimya kikizidi, kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea. Ombi limepotea njiani na kazi haikufanyika. Au ombi limefika, seva ikazimika kabla ya kumaliza. Au ombi limefika, kazi imefanyika vizuri kabisa, ila jibu ndilo limepotea wakati wa kurudi. Kwa aliye upande wa kuuliza, hali hizi tatu zinafanana kama shilingi kwa shilingi. Hakuna ujanja wa kuzitofautisha kwa kuendelea kukitazama kimya chenyewe.

Sasa, haya si mapya, na ndiyo maana nakereka kidogo kwamba mfano wetu unayaruka. Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson, wakiwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, Marekani, walichapisha makala inayoeleza namna ya kuiita funksheni iliyo kwenye kompyuta nyingine kana kwamba iko hapa hapa kwenye kompyuta yako. Unaandika mstari mmoja wa msimbo, programu inasimama, ombi linavuka mtandao, jibu linarudi, programu inaendelea. Ndiyo sinkroni kwa sura yake tamu kuliko zote. Mwandishi wa programu hahitaji kujifunza namna mpya ya kufikiri, na mpaka leo sehemu kubwa ya programu zinazoongea mtandaoni zimeandikwa kwa mtindo huo.

Wanaoisifu makala hiyo hukumbuka utamu huo. Mimi nilipoisoma nilisimama kwenye ahadi yake, maana ilikuwa ya kweli mno. Jibu likirudi, walisema, ujue kazi imefanyika mara moja kamili. Ukipata taarifa ya hitilafu, kazi imefanyika mara moja au haikufanyika kabisa, na hutaambiwa ni ipi kati ya hizo. Yaani miaka arobaini iliyopita kiti changu namba 14 kilishaelezwa. Kuna jambo jingine pia: hawakuweka kikomo cha kusubiri. Ilimradi mashine ya upande wa pili inaendelea kuonyesha kwamba iko hai, anayeuliza anasubiri. Ukifikiri, ni msimamo wa kiungwana. Funksheni ya kawaida ndani ya kompyuta yako haikati tamaa baada ya sekunde thelathini na kutangaza kwamba imeshindikana. Kikomo tumekiweka sisi baadaye, na kibaya zaidi tukakitafsiri kwenye skrini kama jibu.

Mwaka 1994 Jim Waldo na wenzake watatu wa Sun Microsystems waliandika ukosoaji mkali wa ndoto hiyo ya kufanya cha mbali kifanane na cha karibu. Walitaja tofauti nne zisizofichika: muda wa kusafiri kwa ujumbe, namna kumbukumbu ya kompyuta inavyofikiwa, mambo kufanyika kwa wakati mmoja, na ile ninayoiona kubwa kuliko zote, kuharibika nusu. Ndani ya kompyuta moja, kwa kawaida kila kitu kinazimika pamoja. Kwenye mtandao upande mmoja unakufa na mwingine unabaki hai, umesimama, hujui lolote. Mfano wao ulikuwa NFS, mfumo wa Sun wenyewe wa kutumia mafaili yaliyo kwenye mashine nyingine. Ulikuwa na njia mbili. Ukichagua "laini", seva isipojibu programu inapewa kosa ambalo aliyeiandika hakuwahi kulitarajia. Ukichagua "ngumu", programu inaganda mpaka seva irudi. Aliyewahi kutumia maabara ya kompyuta ambako mafaili yote yako kwenye seva moja anaujua huo mgando. Darasa zima linatazamana.

Nimesikia makala hiyo ikitumiwa kama silaha ya kusema sinkroni ni mbaya, asinkroni ni nzuri. Haisemi hivyo. Inasema msifiche tofauti. Na asinkroni nayo, kama tunavyoifundisha, ina mahali pake pa kujificha.

Tuje basi kwenye meseji. Mfano unasema unatuma na kuendelea na maisha. Unachoacha kusema ni kwamba meseji ya simu haiendi kwa mwenzako moja kwa moja. Inakwenda kwanza kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu, inahifadhiwa pale, na kituo ndicho kinachomtafuta mpokeaji. Simu yake ikiwa imezimwa, kituo kinatunza na kujaribu tena baadaye. Kiwango cha GSM kinaruhusu meseji kusubiri hadi wiki 63, ingawa kampuni huweka muda mfupi zaidi. Kwa hiyo utulivu wako wa kuweka simu mfukoni si wa bure. Kuna mtu wa tatu aliyebeba mzigo, mwenye kumbukumbu, mwenye sheria ya lini aendelee kujaribu na lini aachane nayo. Mfano umemfuta mtu huyo, na yeye ndiye asinkroni yenyewe! Ukimwondoa, kilichobaki ni kutupa karatasi dirishani ukitumaini itaokotwa.

Linganisha na menyu ya nyota na reli tunayobonyeza kila siku. Ile ni USSD, na haina kituo cha kutunza. Ni kikao kinachofunguliwa kati ya simu yako na mtandao; kikikatika katikati menyu inatoweka, na hakuna anayekuhifadhia swali lako likusubiri. Teknolojia mbili, simu ile ile, mnara ule ule, lakini moja inatunza na nyingine haitunzi. Ningekuwa na dakika tano tu za kufundisha mada hii, ningefundisha hiyo na kuacha mengine.

Kosa la pili la nusu hii ya mfano nimelifanya mwenyewe. Kwenye mradi wa shahada ya kwanza nilijifunza kuunganisha malipo kwa kutumia mazingira ya majaribio ya Daraja, jukwaa ambalo Safaricom ya Kenya inawapa waandishi wa programu wanaotaka kupokea M-Pesa. Unatuma ombi la malipo, mteja anapata dirisha la namba ya siri kwenye simu yake. Mara moja unarudishiwa jibu lenye namba 0, maana yake safi. Nikafurahi. Nikaandika: ikirudi 0, mpe mteja bidhaa. Siku ya kuonyesha mradi, mwenzangu akakataa kuweka namba ya siri, na duka langu likampa bidhaa hivyo hivyo. Msimamizi alicheka mpaka akavua miwani.

Ile 0 ilikuwa inasema "ombi lako nimelipokea". Matokeo ya malipo huja baadaye, kwenye anwani uliyoiacha, na humo ndimo mna namba ya kweli: 0 kama amelipa, 1032 kama ameghairi, 1037 kama hakupatikana au hakujibu. Itifaki ya HTTP nayo ina jibu lake rasmi kwa hali hii, namba 202, linalosema ombi limekubaliwa kwa ajili ya kushughulikiwa lakini bado halijashughulikiwa. Maelezo yote yalikuwa wazi kwenye nyaraka. Msomaji ndiye aliyekuwa na haraka. Ila najiuliza kama haraka yangu haikutoka kwenye ule mfano. Kwenye simu na meseji jibu ni moja. Kwenye asinkroni ya kweli majibu ni mawili, "nimepokea" na "nimemaliza", na kati yake panaweza kupita sekunde mbili au siku nzima.

Kuna imani nyingine inayotembea pamoja na mfano huu, kwamba ukiweka foleni katikati mfumo unakuwa na kasi. Tupige hesabu ndogo. Maombi yanakuja 100 kwa sekunde, seva inaweza kushughulikia 80. Bila foleni, maombi 20 kila sekunde yanakataliwa, watu wanakasirika hapo hapo. Kwa foleni hakuna anayekataliwa. Baada ya dakika kumi foleni ina maombi 12,000, na anayeingia wakati huo atasubiri sekunde 150 kabla hajaguswa. Dakika kumi nyingine, atasubiri 300. Seva haijaongeza kasi hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba kero imehamishwa kutoka mlangoni kwenda ndani, mahali ambapo mwenye mfumo haioni vizuri. Kama msongamano ni wa muda mfupi, wa siku ya matokeo ya mtihani kwa mfano, foleni ni baraka: itajaa, kisha itaisha. Kama msongamano ndiyo hali ya kila siku, foleni ni njia ya kuchelewesha habari mbaya.

Na sitaki kuwaonea wenye foleni peke yao, maana hesabu ya upande wa pili ni mbaya vilevile. Chukua huduma tano zinazoitana kwa sinkroni, mnyororo, kila moja ikimsubiri mwenzake: tiketi inaita viti, viti inaita bei, na kuendelea. Kila moja ipo hewani asilimia 99 ya wakati, na zinaharibika kila moja kwa wakati wake. Mnyororo mzima unabaki na asilimia 95.1 hivi. Ni kama saa moja na dakika kumi kila siku mteja anakuta hakuna huduma, wakati kila fundi akiulizwa anasema mashine yake iko salama.

Kwa nini basi nisiseme tu "inategemea" na kufunga? Kwa sababu naamini kuna kigezo, na nilikipata kibandani. Kaa na wakala wa pesa kwa nusu saa, utamsikia akisema mara kumi: "Subiri meseji iingie." Mteja anamwonyesha skrini, anamwambia mimi nimeshabonyeza, imekubali. Wakala hana habari na skrini. Kubonyeza kulikuwa kwa USSD, kikao cha papo kwa papo, na kulihitajika kuwa hivyo: huwezi kumwomba mtu namba ya siri leo ukamwambia kesho kwamba alikosea. Uthibitisho unakuja kwa njia nyingine, ile inayotunza, ukiwa na kumbukumbu namba ambayo pande zote mbili zinaweza kuitaja kesho wakigombana. Wakala hajasoma makala ya 1984. Lakini ametenganisha swali na ushahidi, jambo ambalo aplikesheni ya basi langu haikulitenganisha.

Kwa hiyo kigezo changu ni hiki: kazi ikiwa haijaisha, kumbukumbu yake iko kwa nani, na anayesubiri anaweza kuitaja kwa jina? Kama jibu ni "iko kwenye kumbukumbu ya muda ya programu inayosubiri, na programu ikifungwa imepotea", hapo sinkroni ifae kwa maswali tu, yale ambayo kuyarudia hakudhuru: salio langu ni kiasi gani, kiti 14 kipo? Kama kazi inabadilisha kitu duniani, inakata pesa, inaandika kiti, basi ipewe namba kabla haijatumwa, na namba hiyo itoke kwa anayeomba. Akijaribu tena anatuma namba ile ile, na seva ikiiona mara ya pili inarudisha jibu la mara ya kwanza badala ya kufanya kazi upya. Birrell na Nelson walikuwa nayo hiyo pia. Kila wito wao ulibeba kitambulisho ili seva isiufanye mara mbili. Tofauti ni kwamba chao kiliwalinda dhidi ya mtandao unaorudia pakiti. Mimi nilihitaji kinachonilinda dhidi ya kidole changu.

Utaona kwamba kwa namna hii ugomvi wa sinkroni na asinkroni unapoteza moto. Angalia Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, ambayo mashabiki wa asinkroni huitaja kama ushahidi wao. Msingi wake ni kweli kutuma ujumbe na kuendelea. Lakini kwenye maktaba zake za kawaida kuna funksheni inayotuma ujumbe na kusimama kusubiri jibu, na isipopewa muda mwingine inasubiri milisekunde 5,000. Sinkroni imejengwa juu ya asinkroni, na zikipita hizo sekunde tano anayesubiri anarudi pale pale: hajui.

Neno hilo, "haijulikani", ndilo ningependa lianze kuonekana kwenye skrini zetu. Programu nyingi ninazopitia za wanafunzi zina hali mbili za muamala kwenye hifadhidata, umefanikiwa na umeshindikana, safu moja ya ndiyo au hapana. Ya tatu haina pa kuandikwa, kwa hiyo inalazimishwa iingie kwenye moja ya hizo mbili, na mara nyingi inaingia kwenye isiyo yake. Ile aplikesheni ingeniandikia "bado hatujapata jibu la malipo yako, usilipe tena, tunaulizia", ningenung'unika, ningeweka simu pembeni, na kiti 15 kingepata abiria wake tangu Dar es Salaam.

Muhula huu nimebadilisha kipindi cha kwanza. Hakuna simu wala meseji. Kila kikundi kinaandika duka dogo la kuuza vocha, sinkroni au asinkroni, watakavyo. Kisha napita nyuma yao na kuchomoa waya wa mtandao baada ya seva kufanya kazi na kabla haijajibu. Ni lazima niwawahi. Wiki ya kwanza nilichelewa mara tatu, jibu likanipita. Vikundi viwili vya sinkroni viliuza vocha mara mbili. Kikundi kimoja cha asinkroni, ambao walikuwa wamejigamba kweli, waliuza mara nne, kwa sababu foleni yao ilikuwa na bidii ya kujaribu tena. Kikundi cha dirishani hakikuuza hata moja. Msichana aliyekuwa kwenye kibodi aliniuliza kama anaruhusiwa kuongeza safu nyingine kwenye jedwali.